Waliokuja Kunililia

Bupe alikuwa wa mwisho kati ya watu waliowahi kunililia nikiwa hai. Alikufa mwezi uliopita, huko kwetu ng'ambo ya Kapolowe, na habari ilinikuta sokoni Kikula, hapa Likasi, nikichagua nyanya. Simu ililia ndani ya mkoba, mtoto wake akasema, "Mama mukubwa, mama anatuacha." Nilimaliza kuchagua nyanya zangu. Watu hunishangaa kwa mambo kama hayo, lakini mimi na kifo tumezoeana zamani, na nyanya hazikuwa na kosa lolote. Nilirudi nyumbani, nikaziweka mezani, ndipo nikakaa kwenye kochi nikalia kama mtoto. Bupe alikuwa binti wa mama yangu mdogo, na nilimpenda. Lakini sikumlilia yeye peke yake. Nililia pia kwa sababu kuna mwaka mmoja wa ujana wangu ambao sasa umebaki ndani ya kichwa changu tu. Nikisema jambo la mwaka ule, hakuna tena mtu wa kuniambia kwamba naongopa. Ndiyo maana nauandika, kabla sijaanza kuongopa kweli.

Ulikuwa ule mwaka tulioambiwa tuache majina ya ubatizo na kuchukua ya mababu. Wanaume walivua tai, na kila mtu akawa citoyen au citoyenne, yaani mwananchi, hata mwizi wa kuku. Mimi nilikuwa Mwansa kabla ya hapo na nikabaki Mwansa. Nilikuwa kijana, nimepita ishirini kidogo, nikifundisha ushonaji katika fuaye, ile nyumba ambamo kampuni ya madini iliwakusanya wake wa wafanyakazi wajifunze cherehani, mapishi ya kizungu na namna ya kumfunga mtoto nepi. Nilipanga chumba cha nyuma katika kiwanja cha Mama Ilunga, ambaye mume wake alifanya kazi kiwandani Shituru. Kilikuwa chumba cha mlango mmoja na dirisha moja la wavu, ukuta umepakwa rangi ya kijani mpaka kifuani na nyeupe juu, kama zahanati. Upepo ukigeuka, moshi wa kiwanda uliingia na kunikwaruza koo, nikalala na kitambaa puani. Nilikipenda chumba kile. Kilikuwa cha kwanza katika maisha yangu ambacho ufunguo wake ulikuwa wangu.

Uvimbe niliukuta nikioga. Ulikuwa chini ya ziwa la kushoto, mgumu, hauumi. Nilidhani nimejiumiza msuli nilipobeba cherehani, nikaukanda kwa maji ya moto kwa majuma mengi, mpaka mtawa mmoja muuguzi, masera kama tunavyowaita, aliponiona nimeshika kwapa wakati wa somo akanipeleka hospitali. Huko ndiko nilikosikia neno kansere. Sikujua hata kwamba ugonjwa huo una jina la kwetu. Saratani nililisoma baadaye sana. Waliondoa ziwa lote. Daktari alinieleza kwa upole, akiangalia dirisha, kwamba nimebahatika, na kwamba kila juma nitapaswa kuja kwa sindano mpaka mvua zipite. Sindano ile ilikuwa ikinitapisha siku nzima na kunifanya nichukie harufu ya unga. Kwetu ukichukia harufu ya unga umekwisha, kwa maana bukari, ugali wetu, ndiyo chakula, vingine vyote ni mboga.

Mama Ilunga alikuwa mtu mwema, na nataka hilo lieleweke kwanza. Alinipikia nilipotoka hospitali. Ila alinitengea sahani, ya bati yenye ukingo wa buluu, na kikombe chake, akaviweka kwenye rafu ndogo ya peke yake, na watoto wake waliokuwa wakiingia kwangu bila kubisha wakaanza kuitwa warudi. Jioni alikaa na jirani yake nyuma ya ukuta wangu, wakichambua sombe, majani ya muhogo, na ukuta ule ulikuwa wa tofali moja tu. "Minye sisemi ye iko mubaya," alisema. "Nasema tu ile bugonjwa, nani anayua fasi inatokea? Minye niko na batoto." Jirani akamwambia kwamba daktari anasema hauambukizi. "Ule daktari," akajibu Mama Ilunga, "anakulaka naye mu sahani moya?" Sikumchukia. Nilichukua ile sahani yangu nikala nikiangalia ukuta. Fuaye nako waliniomba nipumzike mpaka nipate nguvu. Kijana aliyekuwa akinitembelea Jumapili alikuja mara moja, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayengoja gari, akaondoka. Wakati ule sikuwa nikiomba kupona. Kupona kulikuwa kitu kikubwa mno, cha kumwachia Mungu. Nilichotaka mimi kilikuwa kidogo: mtu akae. Aje, avue viatu, akae.

Kwetu hawakujua. Sikuwaambia, kwa sababu habari mbaya ukiituma kwa mdomo wa wauza samaki hufika ikiwa imezaa watoto. Habari zetu zote zilisafiri hivyo: wanawake waliteremka kutoka ziwani na vikapu vya samaki wakavu, wakapanda treni Kapolowe mpaka Likasi, na pamoja na samaki walileta nani ameoa, nani ana mimba, nani amegombana na nani. Phonie, ile redio ya misheni ambayo masera waliongea nayo kutoka kituo hadi kituo, kwetu ilikuwa ya kazi moja tu, kutangaza msiba. Phonie ilipomwita mkatekista wa kwetu atoke shambani, wanawake waliweka chini majembe kabla hajafika kwenye kifaa. Hakuna mtu aliyewahi kuitwa kwenye phonie kuambiwa kwamba fulani anawasalimia. Haya kila mtoto wa kwetu aliyajua, lakini yule masera muuguzi alikuwa amekuja kutoka kwao mwaka huohuo, na mimi sikujua kwamba amekusudia kunifanyia wema. Aliniuliza tu familia yangu iko upande wa misheni gani, nikamtajia. Baadaye aliniambia aliongea kwa kifupi kwa sababu sauti ilikuwa ikikatika: Mwansa, Likasi, hospitali, njoni.

Walifika siku ya tatu asubuhi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha uji mkononi, nikijishawishi kukinywa, niliposikia kilio kikitoka upande wa gare, kituo cha treni. Nilijiuliza ni nani amefiwa mtaani. Kilio kikakaribia, kikakunja kona yetu, na ndani yake nikasikia jina langu. "Mwansa eee, mwana yangu eee, unatuacha na nani?" Sauti ile ningeitambua hata chini ya maji, ilikuwa ya Nkambo, bibi yetu, mama wa mama zetu, aliyekuwa mama kwangu tangu wangu afe. Waliingia uani wote pamoja, wanawake mikono kichwani na vitambaa vimefungwa kiunoni, wanaume nyuma wamebeba mikeka, masufuria na gunia la unga, na mbele yao Nkambo mwenyewe, miguu mitupu, vumbi limempanda mpaka magotini. Aliniona. Akaendelea kulia kidogo, kama gari lililozimwa injini kwenye mteremko, kisha akanyamaza. Wote wakanyamaza. Kuku mmoja waliyekuja naye, amefungwa miguu, ndiye peke yake aliyeendelea kusema.

Yomba Katebe, mjomba wangu, alitua gunia. "Mwansa," alisema, "ni weye?"

"Ni minye, Yomba."

"Uko muzima?"

"Niko muzima."

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kusema, na kofia yake alikwisha ivua kwa ajili ya marehemu, sasa hakujua aivae au aishike. "Lakini phonie ilituita," akasema, kama anayenilalamikia.

Nkambo alinijia mpaka usoni, akanishika shavu, akanifinya kwa nguvu mpaka nikapiga kelele. "Eh. Ni ye," akawatangazia wengine. Kisha akanigeukia mimi: "Weye mutoto uko na matata. Sauti yangu yote nimemaliza mu njia. Siku utakufwa ya kweli, nitakulilia na nini?" Bupe ndiye aliyecheka kwanza. Alikuwa na mimba kubwa, akalazimika kukaa chini kwenye vumbi akishika tumbo, na kicheko chake kikawaambukiza wengine, hata Yomba, mpaka tukasikia kwamba kuna mtu bado analia. Kumbe Mama Ilunga aliposikia kilio kikiingia uani kwake alijua nimefia chumbani. Tulimkuta jikoni amekaa sakafuni, kitambaa amekitupa, akililia jina langu kwa machozi ya kweli. Sijui niseme nini juu ya hilo hata leo. Alinililia vizuri sana.

Sasa, watu waliokuja kwenye kilio hawarudi siku hiyohiyo, hata kama maiti amewafungulia mlango. Unga ulikuwa umekwisha sagwa, samaki wamekuja, munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, umetiwa kwenye madumu na hautakubali kurudi kwenye treni. Walitandika mikeka uani na chumbani kwangu, wakawasha moto kwa mawe matatu, na jioni ya kwanza Nkambo alimimina bukari kwenye sinia moja kubwa, samaki kwenye bakuli moja, akasema tunawe. Nilikwenda kuchukua sahani yangu kwa mazoea. Aliniangalia nikirudi nayo, akaichukua mkononi mwangu, akaigeuza akaangalia chini yake, kama anayetafuta jina la mwenyewe, akamwekea kuku maji ndani yake. Nilikula kutoka sinia moja na watu, mikono yao ikigongana na wangu, na ule unga uliokuwa ukinichefua ulishuka kooni bila shida. Walinizomea kwamba nakula polepole. Nilikuwa nakula polepole kwa sababu nilikuwa nalia, lakini moshi ulikuwa mwingi na kila mtu alikuwa na machozi, kwa hiyo hakuna aliyegundua.

Nimehudhuria vilio vingi, na naweza kusema changu kilikuwa cha kupendeza kuliko vyote. Siku zile zilikuwa za jakaranda, barabara za juu ambako wazungu waliwahi kukaa zilikuwa na zulia la maua ya zambarau, na joto la kabla ya mvua lilifanya kila mtu akae nje. Jumamosi wanawake wa fuaye walipita wakienda kufanya mazoezi ya animation, nyimbo za kukisifu chama, wakatuona, wakauliza kilio ni cha nani. Bupe aliwajibu, "Ni ya huyu," akininyooshea kidole mimi niliyekuwa nikimenya viazi vitamu. Wakaondoka haraka. Wageni wangu walijaza chumba kile mpaka nikakosa pa kukanyaga. Usingizini nilisikia pumzi zao pande zote, mmoja akikoroma, mwingine akisaga meno, na sijawahi kulala vizuri hivyo, kabla wala baada. Mchana walikaa wakisema. Walisema juu yangu sana, kwa kuwa njiani walikuwa wamejiandaa kusema juu yangu na maneno yalikuwa bado ya moto. Yomba alikuwa ametunga hotuba ya maziko ndani ya treni. Bupe alimsumbua mpaka akakubali kuitoa.

Alisimama, akavua kofia. Hakuniangalia, aliangalia mahali kidogo juu ya kichwa changu, nadhani ndiko alikoliona kaburi. Alisema kwamba Mwansa alipokuwa mdogo alimfuata ziwani kila asubuhi, lakini alikataa kula samaki, kwa sababu samaki walikuwa wakimwangalia. "Basi minye," alisema Yomba, "nilikuwa nakata kichwa ya samaki yake, kila siku, mbele ya kumupa. Mama yake hakuyua. Batu ya kwetu banasema kichwa njo ya heshima. Minye nilitupa heshima yote mu mayi, juu huyu mutoto akule." Aligeuza kofia mkononi. "Kama balinipa kazi ile tena, ningeifanya." Sikuwahi kujua. Nilikuwa nimesahau hata macho ya wale samaki. Nkambo aliona kwamba watu wataanza kulia upya, akapiga kofi kwenye paja lake: "Katebe, sema na buvivu yake. Kila maiti inakuwaka muzuri. Huyu alikuwa anaficha jembe mu manyasi." Tulicheka, na Yomba akakaa akivaa kofia, na mimi nikawaza kwamba watu wengi hufa bila kusikia hotuba kama ile, ikasemwa wakiwa wamezibwa masikio kwa pamba.

Asubuhi moja Nkambo aliniita nyuma, kwenye bafu la mabati. Alikuwa ameweka chini beseni la maji ya moto, mche wa sabuni ambao haujafunguliwa, kichupa cha mafuta ya mbono na kitambaa kipya cheupe. Nilivitambua. Ni vitu ambavyo wanawake wa ukoo huja navyo kumwosha marehemu. Bupe, aliyebeba ndoo ya pili, alivitambua pia. "Nkambo," alisema kwa sauti ya chini, "ile sabuni ni ya maiti."

"Sabuni hayiyue nani anapumua," alisema Nkambo. "Mwansa, vua."

Nilishika kanga yangu kwa mikono miwili. Tangu hospitali hakuna mtu aliyekuwa ameniona. Hata mimi nilioga nikiangalia mabati. "Nkambo, hapana," nilisema.

"Mwana yangu, minye nilikunawisha siku ulizaliwa. Nilitoka kwetu kuya kukunawisha ya mwisho. Sasa hii ya katikati inakushinda nini?"

Nilivua. Jua lilikuwa limepanda juu ya ukuta na liliniangukia palepale. Nkambo alipasogelea, kwa kuwa macho yake hayakuwa mazuri, akapaangalia kama anavyoangalia mbegu kabla ya kuzinunua, akapitisha kidole juu ya mshono kutoka kwapani mpaka katikati ya kifua. Kidole chake kilikuwa kikavu na kigumu. "Njo hii tu?" aliuliza. "Minye nilizani balikukata mpaka mu roho." Akaanza kunisugua. Alinisugua shingo, mgongo, nyuma ya masikio, kwa nguvu zilezile alizosugulia masufuria, na alipofika kwenye kovu hakupunguza wala hakuongeza. "Moya inabakia," alisema. "Mutoto anakuwaka na kinywa moya. Itamutosha." Bupe alinimwagia maji kichwani ili nisionekane nalia, kisha akajimwagia mwenyewe. Mtoto hakuja, lakini hilo ni jambo la miaka mingine. Siku ile nilitoka bafuni nikinuka mafuta ya mbono, nimevikwa sanda yangu kama kanga, na nilijiona mtu.

Ndiyo maana niliogopa. Mgeni wa kilio hukaa mpaka kilio kiondolewe, na wangu hakikuwa na siku ya kuondolewa, kwa hiyo kingeweza kwisha wakati wowote. Nilianza kumchunga Yomba. Kila asubuhi alisimama uani akiangalia mawingu upande wa milima, na kila asubuhi aliyaangalia kwa muda mrefu zaidi. Kwetu mvua ya kwanza ikikukuta hujapanda mahindi, mwaka wako umekwenda. Siku moja nilikuwa nimelala baada ya sindano, wao wakadhani nimesinzia, wakazungumza chini ya dirisha langu. Yomba alisema lazima waende. Nkambo aliuliza nani atabaki na mutoto. Yomba akawapitia mmoja mmoja: huyu ana wadogo, huyu ana mume mgonjwa, Bupe yuko karibu kuzaa. "Bon," akasema Yomba, "tumubebe tu. Akufwe kwetu, katikati ya batu." Mimi sikulisikia lile neno akufwe, au nililisikia likapita. Nililolisikia ni tumubebe. Nililala pale nimejaa furaha kama mtu aliyefaulu mtihani.

Siku ya kuondoka nilikuwa wa kwanza kuamka. Nilifunga shuka langu, sufuria, nguo mbili, mkasi wangu mzuri wa kushonea, nikatengeneza kifurushi na kukikalia mlangoni. Wengine walipokunja mikeka, Nkambo alikuja akasimama mbele yangu.

"Unaenda wapi?"

"Kwetu."

"Sindano yako iko kwetu?"

"Dispensaire ya mission iko."

"Ile iko na aspirine na kinini. Simama." Nilisimama, naye akapiga magoti, akaanza kufungua kifurushi. Alitoa sufuria. Alitoa shuka. Nilimshika mkono. Nilimwambia yale ambayo sikuwa nimemwambia mtu, hata padri: "Nkambo, hapa hakuna mutu anakula na minye. Hakuna mutu anaingia. Nikibakia hapa, nitakufwa peke yangu, batanikuta kwa harufu."

Aliacha mikono yake juu ya shuka. "Nayua," alisema. "Ile sahani niliiona." Nilidhani nimeshinda. Kisha akaendelea kutoa nguo zangu, akizikunja upya moja moja, maana sikuwa nimezikunja vizuri. "Sikia. Kwetu tuko bengi, na shiye yote tunayua kulia. Njo kazi tunayua, uliisikia kutoka gare. Hapa uko peke, lakini hapa banayua kutibia. Utabakia."

"Nkambo, nakuomba."

"Tulisha kukulilia, Mwansa. Kilio yako tulisha ikula, na kuku yake, na munkoyo yake. Hatutakulilia mara mbili. Ukikufwa sasa, shiye hatutakuya. Basi usikufwe." Akasimama akijishika kiuno. Nilisema angalau niwasindikize mpaka gare. Ndipo akacheka, kicheko chake kile cha kooni, ili wote wasikie: "Wapi muliona maiti inasindikiza batu ya kilio?" Uani wote walicheka, na mimi pia, ingawa nilikuwa namchukia. Yomba alinipa mkono. Bupe alinikumbatia ubavuni, tumbo likiwa katikati yetu, nikahisi mtoto akipiga teke. Walitoka. Wengine waligeuka kunipungia mpaka kwenye kona. Nkambo hakugeuka. Nilimwona mgongo tu, na ilinichukua miaka kuelewa kwa nini alitembea upesi namna ile, yeye aliyekuwa na magoti mabovu.

Chumba kilikuwa kikubwa mno baada yao. Kilinuka samaki na moshi, na sakafuni palibaki vumbi la mikeka katika mistari, nikakataa kulifagia. Nilipika bukari ya watu wengi bila kufikiri, nikaitazama ikipoa. Mvua ilikuja siku chache baadaye, na nilifikiri juu ya mashamba yao na kuyaonea wivu mahindi. Ningependa kuandika kwamba Mama Ilunga alikuja akakaa nami tukala pamoja. Hakuja. Alinisalimia kwa muda mrefu zaidi kuliko zamani, alinirudishia mtoto wake mdogo mara moja moja, lakini kula hakuweza, na nilikwisha acha kumngoja. Nilikwenda kwenye sindano kwa miguu, mwavuli mkononi, nikarudi nikatapika, nikalala. Nilisema na Nkambo kwa sauti, nikimtukana. Nilimwambia ameniacha kama mbwa. Juma lililofuata nilikwenda tena, kwa hasira. Kuna watu waliopona kwa sala. Mimi, nadhani, nilipona kwa hasira na kwa ile sindano. Mvua zilipopita daktari aliangalia kifua changu, safari hii bila kutazama dirisha, akasema nirudi kazini.

Nkambo alikufa kipindi cha baridi kilichofuata. Phonie iliita upande wetu, masera akaja mwenyewe kuniambia, ameshajifunza. Nilishuka Kapolowe nikaanza kulia kutoka gare, kama alivyonililia yeye, na nilipoingia uani mikono kichwani, Yomba alinyanyua uso wake uliolowa machozi akasema, "Mutoe njia. Maiti inafika." Kilio chote kikacheka. Kikacheka na kulia pamoja, na Bupe akanivuta kwenye mkeka wake. Tangu siku ile hilo likawa jina langu nyumbani. Nilifika hivyo kwenye kilio cha mama mdogo, cha wajomba, cha Yomba Katebe mwenyewe, ambapo Bupe ndiye aliyelitamka, kwa sababu mwenye kulitamka alikuwa ndani ya sanduku. Kila mara tulibaki wachache zaidi wa kucheka. Mwishowe tulikuwa wawili, na Bupe alinipigia simu kila Jumapili kuuliza, "Maiti, unalala namna gani?"

Basi mwezi uliopita nilikwenda tena. Siku hizi mtu hapandi treni, nilikwenda kwa gari la mtu, nikateremka mbali kidogo na nyumba ili nifike kwa miguu kama inavyotakiwa. Nilijifunga kitambaa kiunoni. Nililia tangu kwenye barabara, na sauti yangu ilikuwa peke yake, maana vijana siku hizi wanapiga muziki wa kwaya kwenye spika. Niliingia uani. Walikuwa wengi, watoto wa watoto, wamevaa fulana zenye picha ya Bupe, na wote walinyamaza kuniangalia. Nilisimama mbele yao na mikono kichwani, nikangoja jina langu. Nilingoja kwa muda ambao nadhani uliwatia wasiwasi. Kisha kijana mmoja mwenye adabu nzuri alizima spika, akaniletea kiti cha plastiki, akakipangusa kwa mkono wake. "Pole, Nkambo," alisema. "Ikala hapa ku kiti."